Hasara inakaa kwa nani? Nilivyosoma sheria na mikataba ya utalii huku niko kazini Iringa

Somo lenyewe kwenye ratiba liliandikwa Utangulizi wa Sheria na Mikataba katika Utalii, sisi tulikuwa tunaliita Sheria tu, na ndo lilikuwa linatoa watu jasho kuliko hata uhasibu. Naandika kwa ajili ya wadogo zangu wanaoanza diploma ya utalii huku Iringa na Mbeya, na pia kwa mwenye gesti, mwenye gari la kukodisha na mwenye kakampuni kake ka kupeleka wageni Ruaha. Mimi nilisoma jioni, mchana niko dawati la bukingi kwenye kampuni ndogo ya safari hapa mjini, kwa hiyo haya mambo nimeyasoma mara mbili, darasani kwa pesa yangu na ofisini kwa pesa ya bosi.

Kuhusu gharama niseme ukweli, ada nililipa kwa awamu na kila awamu ilikuwa inafika mwezi ambao kodi ya chumba nayo imefika. Ila kilichokuwa kinaniuma zaidi ni desa, yaani makaratasi ya kusomea. Mwalimu anatuma pidiefu ya kesi, wewe huna laptopu, unaenda kuprinti, kesi moja ina kurasa arobaini za majaji wanaozungusha maneno, unalipa, unafika nyumbani hujui hata aliyeshinda ni nani. Ushauri wa bure, msiprinti kesi nzima. Mnachohitaji ni nini kilitokea, nani alimshtaki nani, mahakama iliamua nini na kwa sababu gani, na hivyo vyote vinaingia ukurasa mmoja wa daftari kama mmegawana kwenye kikundi, wewe kesi hii mimi ile.

Vipindi vilikuwa jioni baada ya kazi, na nani asiyejua Iringa ya mwezi wa sita na wa saba, unakaa darasani na koti, mikono mfukoni, mwalimu anaongea ofa na kukubali ofa wewe unawaza chai. Mwalimu wetu alikuwa wakili, mara nyingi alikuja moja kwa moja kutoka mahakamani na lile joho kalikunja kwenye mfuko. Akaanza na Sheria ya Mikataba, Sura ya 345 ya sheria za Tanzania, sheria ambayo kwa sehemu kubwa imetoka kwenye sheria ya India ya mwaka 1872, na Kiingereza chake ni cha umri huohuo. Kifungu cha 10 ndo mlango wa kuingilia: makubaliano yanakuwa mkataba kama watu wameridhia kwa hiari, wana uwezo kisheria, kila upande unatoa kitu, na shughuli yenyewe ni halali. Kile cha kila upande kutoa kitu darasani tulikiita konsidaresheni, na kifungu cha 25 kinasema bila hiyo makubaliano kwa kawaida ni batili, kuna visamaha vichache.

Tukakariri. Kifungu cha 10, cha 11, cha 13 mpaka cha 19, watu walikuwa wanavitaja kama dua. Ikaja test ya kwanza, swali moja tu, stori ya mgeni, hoteli na wakala, halafu "mshauri mgeni". Basi. Hakuna taja, hakuna eleza, na zaidi ya nusu ya darasa ilienda na maji. Waliokuwa wamekariri vizuri ndo walianguka vibaya zaidi, maana walimwaga vifungu vyote walivyonavyo kichwani bila kumwambia yule mgeni afanye nini.

Kilichonitoa mimi ni bosi wangu, mzee ambaye shule yake iliishia darasa la saba na sheria hajawahi kusoma. Huyu mzee kila nikimpelekea bukingi mpya ana swali moja tu, "Na hii ikiharibika, hasara inakaa kwa nani?" Ndege isipotua Msembe, uwanja wa ndege wa mle Ruaha, hasara inakaa kwa nani, mgeni akiugua malaria siku moja kabla, mto ukijaa barabara ikakatika, inakaa kwa nani. Mwanzo niliona ni uoga wa mzee. Baadaye nikagundua kwamba karibu kila kifungu na kila kesi tuliyokuwa tunafundishwa inajibu hilo swali la mzee, na tangu hapo sikusoma kifungu bila kumuweka mtu wa kubebeshwa mzigo.

Chukua kesi ya Olley dhidi ya Marlborough Court ya mwaka 1949, Uingereza. Mama mmoja anafika hotelini, anajiandikisha na kulipa mapokezi, anaenda chumbani, na huko ukutani kuna tangazo kwamba wenye hoteli hawatahusika na vitu vitakavyopotea au kuibiwa kama havijakabidhiwa kwa meneja. Siku moja katoka, mtu akachukua ufunguo wake pale mapokezi ulipotundikwa, akapanda, akasomba makoti ya manyoya na vito. Hoteli ikasema si tulibandika tangazo. Mahakama ya Rufaa ikasema mkataba ulishakamilika pale mapokezi kabla mama hajaliona tangazo, huwezi kumuongezea mtu sharti baada ya kupeana mikono. Hasara ikakaa kwa hoteli.

Sasa niambie ni gesti gani nchi hii haina lile tangazo, UONGOZI HAUTAHUSIKA NA UPOTEVU WA MALI YOYOTE, nyuma ya mlango, karibu na bei ya kondomu! Mwalimu akatutuma mtaani, tukagawana Kihesa, Miyomboni, Mlandege, tukapiga hodi tukiomba kuangalia milango tu. Karibu kote lilikuwa chumbani. Kuna gesti moja mama mwenyewe alitupokea, tukamwamkia, akaitikia, tukamueleza hii stori ya makoti ya manyoya, akacheka sana. "Wanangu, hilo tangazo mi nililikuta steshenari limeshaprintiwa, nikanunua ya vyumba vyote." Tukamwambia mama liweke mapokezi, au liandike kwenye kile kitabu cha wageni juu ya sehemu ya kusaini, mtu alione kabla hajatoa hela. Akatuangalia. "Sasa mteja akisoma kwamba hapa mali inapotea si ataenda kwa jirani?"

Na ana hoja. Sheria inataka mteja ajue mapema, biashara inataka asijue. Jibu tulilompa, na ambalo hata leo nampa yeyote, ni kuandika kwa upole na kutoa kitu: vitu vya thamani tunavitunza mapokezi bila malipo, tafadhali kabidhi na upewe risiti, visivyokabidhiwa mgeni anavitunza mwenyewe. Hapo mteja anaona huduma na wewe umejikinga. Lakini funguo zikiendelea kuning'inia kaunta kila mpita njia anazifikia, usitegemee karatasi ikuokoe.

Hapo kuna kitu cha mtihani nakichomeka wasije wakakisahau. Kesi za Uingereza kwetu zinaingia kupitia sheria inayopokea komoni loo, yaani sheria iliyojengwa na maamuzi ya majaji, kama ilivyokuwa Uingereza tarehe 22 Julai 1920. Kesi ya 1949 au ya miaka ya sabini haiifungi mahakama ya Tanzania, inashawishi tu, na pale Sura ya 345 imesema kitu waziwazi basi Sura ya 345 ndo inatangulia. Ukiandika sentensi hiyo kwenye jibu lako mwalimu anajua huyu hakudesa.

Kesi nyingine iliyonikaa ni Jarvis dhidi ya Swans Tours, ya mwanzoni mwa miaka ya sabini. Bwana Jarvis mwenyewe ni mwanasheria, likizo yake kwa mwaka ni wiki mbili tu, kasoma broshua ya safari ya Uswisi: kutakuwa na pati ya wageni, baa, mwimbaji wa kienyeji, keki tamu za jioni. Kalipa pauni 63.45. Wiki ya kwanza kulikuwa na wageni kama kumi na tatu tu, wiki ya pili kabaki mgeni peke yake, pati ya mtu mmoja. Keki zikawa krispi na vikeki vikavu. Mwimbaji alikuja mara moja na nguo zake za kazi, akaimba nyimbo nne tano haraka haraka akasepa. Mahakama ya chini ikampa pauni 31.72, kama nusu ya hela yake, Mahakama ya Rufaa chini ya jaji Lord Denning ikampa 125, karibu mara mbili ya alicholipa, kwa sababu alichonunua kilikuwa raha na raha hakuipata.

Niliposoma hiyo nilipoa mwili, maana sisi ofisini tulikuwa na Jarvis wetu. Broshua yetu ya Kitulo ilikuwa na picha za maua, uwanda mzima unawaka rangi, na chini tumeandika Bustani ya Mungu kama watu wanavyoiita. Hifadhi yenyewe ilitangazwa 2005 na maua yake ni ya masika, kuanzia kama Desemba mpaka kwenye Aprili. Wageni wawili wastaafu, wapenzi wa okidi, wakabuk Agosti na ofisi ikapokea hela. Wakapanda zile kona za Chimala, wakafika juu, nyasi zimekauka, upepo unakata masikio, ua la kutafuta kwa tochi. Yule baba hakupiga kelele, alitoa tu broshua yetu kwenye begi akaifungua mbele ya mwongoza wageni wetu. Ofisi iliwarudishia sehemu ya hela na bosi alikuwa mkali wiki nzima, lakini darasani ndo nikaelewa kwamba kwa vifungu vya 18 na 19 hata kama hukudhamiria kudanganya, maelezo yasiyo sahihi yaliyomfanya mtu aingie mkataba yanampa njia ya kutoka. Siku hizi kila picha yetu ina mwezi chini yake. Wanyama ndo usiseme kabisa, andika Ruaha ina mbwa mwitu, usiandike utaona mbwa mwitu.

Nirudi kwa magari, maana huku nyanda za juu ndo kwenye moto. Kampuni ndogo nyingi hazina magari ya kutosha, msimu wa kiangazi ukipamba unakodisha Land Cruiser ya mtu binafsi, mnaelewana kwa simu, bei ya siku, mafuta ya nani, basi. Na huo ni mkataba kamili, msidhani mpaka karatasi, kifungu cha 10 hakidai maandishi kwa mkataba wa namna hiyo. Shida ni kuuthibitisha. Gari tulilokodi kwa mzee mmoja wa Ipogolo lilikata ekseli mbele ya Idodi, barabara ile ya vumbi, wageni wanne wamekaa chini ya mti, na tukapata gari lingine Tungamalenga kwa bei ya mwenye shida. Nani analipa hiyo bei? Mzee akasema "Binti, gari ni chuma na chuma kinakatika, mimi nimepoteza ekseli, wewe umepoteza nini?" Sisi tunasema ulituambia gari ni zima. Kila kitu kilikuwa voisi za WhatsApp, na simu ya dereva iliyokuwa na nusu ya hizo voisi ikawa imeangukia mtoni wiki iliyofuata.

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakubali mkataba kufungwa kwa meseji na meseji kupokelewa kama ushahidi, hilo watu wengi hawalijui. Kwa hiyo mkishaelewana kwa simu, mtumie mwenzio meseji ya maandishi mistari mitano: gari gani, kutoka lini mpaka lini, bei, mafuta ya nani, likiharibika nani analeta lingine na ndani ya saa ngapi. Akijibu "sawa" umemaliza, hifadhi na kwenye imeili pia. Na kwa kifungu cha 73 cha Sura ya 345 anayevunja mkataba analipa hasara iliyotokana na uvunjaji wenyewe, ile ambayo ingetarajiwa, na wewe uliyeumia unategemewa kupunguza maumivu kwa njia zilizopo. Ndo maana kutafuta gari lingine haraka kulitusaidia, tungekaa tunalaumiana wageni walale porini, tungedai kitu gani? Na mzee tuligawana naye nusu kwa nusu, kwa kuchoka zaidi kuliko kwa sheria.

Kuna jambo la bima hapo hapo. Gari la binafsi lenye bima ndogo, au hata bima kubwa ila imeandikwa matumizi binafsi, ukilibebesha wageni wa kulipia na likapinduka, kampuni ya bima ina kila sababu ya kukataa kulipa. Ombeni kuona bima kabla ya funguo, na someni pale palipoandikwa matumizi. Leseni pia, biashara ya utalii inaendeshwa kwa leseni chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2008, na ukifunga mkataba na mtu wa stendi asiye na leseni unajiweka kwenye shughuli isiyo halali, siku ya kudai unaanzia wapi?

Sasa mkataba uliomuumiza kichwa bosi, na kunipa mimi alama nzuri kuliko zote, ni wa wakala wa Uingereza aliyekuwa anatuletea wageni. Mwalimu alitaka kila mtu alete mkataba halisi wa kazini, majina yamefutwa, auchambue. Nikaomba ruhusa, nikatoa lile kabrasha kabatini. Lilikuwa limesainiwa ukurasa wa mwisho na kugongwa muhuri, kurasa za katikati bado zimenata kama hazijawahi kufunguliwa. Kati ya hizo kurasa kulikuwa na kifungu kinachosema kampuni yetu itamlipa wakala fidia, gharama na ada za mawakili kwa madai yoyote ya mgeni yanayohusiana na huduma zetu au za watoa huduma wetu. Yoyote. Yaani mgeni akiteleza bafuni kwenye loji ambayo si yetu, akamshtaki wakala huko kwao, wakala anatugeukia sisi, kampuni yenye magari mawili na dawati la plastiki.

Wazungu hawakuweka hicho kifungu kwa roho mbaya. Kwao kuna kanuni za vifurushi vya safari, za sasa ni za mwaka 2018, zinazomfanya aliyeuza kifurushi awajibike kwa mgeni kwa kila huduma iliyomo hata kama imetolewa na mtu mwingine. Kwa hiyo anachofanya ni kuusukuma mzigo chini mpaka ukute mtu asiyesoma. Hapo swali la bosi lilikuwa limejibiwa kimyakimya zamani na yeye mwenyewe kasaini.

Nilimsomea kwa Kiswahili taratibu, akakaa kimya, akauliza, "Tukiwaambia wabadilishe si watatuacha?" Huo uoga nauelewa, wageni wa wakala mmoja wanaweza kuwa ndo mishahara ya wote. Tukaandika imeili ya heshima tukaomba mambo matatu, tuwajibike pale tu uzembe ni wetu, kiwango cha juu kiwe kile bima yetu inacholipa, na ugomvi uamuliwe kwa sheria ya Tanzania. Wakakubali mawili ya kwanza, la tatu wakakataa. Hawakutuacha. Jamani, mkataba ukija na mistari ya kusaini haina maana umeshaisha, ni ofa, na ofa inajibiwa.

Kwenye kabrasha hilohilo kulikuwa na kitu kidogo ambacho kwa kweli kilikuwa kinatula kila mwezi, tarehe za malipo. Wakala analipa siku 30 baada ya wageni kuondoka. Loji inataka hela yote kabla hawajafika. Viingilio vya hifadhi vinalipwa kwa kontro namba kabla ya kuingia geti. Katikati hapo hela ni ya nani? Ya kwetu, ya mkopo, na riba yake. Ukisaini mikataba miwili iweke mezani sambamba uangalie tarehe za kuingia na za kutoka hela, na vilevile siku za mwisho za kukansel: kama loji inakata asilimia mia siku 30 kabla halafu wakala umemruhusu akansel bila gharama mpaka siku 14 kabla, hizo siku kumi na sita katikati ni jeneza lako. Kifungu cha 74 cha Sura ya 345 kinasema fidia iliyotajwa kwenye mkataba ndo ukomo, mahakama inatoa ile inayofaa ndani ya kiasi hicho, kwa hiyo makato ya asilimia mia si neno la Mungu. Ila nani ana muda wa kwenda mahakamani na loji anayoihitaji tena mwezi ujao.

Na bei. Mwalimu alitukumbusha Julai 1, 2016, VAT ya asilimia 18 ilipoangukia huduma za utalii, katikati ya msimu, wageni wameshalipa bei ya zamani. Aliyekuwa na sentensi moja ya kwamba bei itabadilika kodi ya serikali ikibadilika, aliwatumia wageni ankara ya nyongeza. Asiyekuwa nayo alilipa mfukoni. Sentensi moja! Mimi naiweka hata kwenye kotesheni ya safari ya siku moja ya Isimila na Kalenga.

Corona niiseme kwa kifupi maana bado inaniuma. Tarehe 12 Aprili 2020 ndege za abiria za kimataifa zilisimamishwa kuja Tanzania, 18 Mei zikaruhusiwa. Simu zilikuwa zinalia usiku, watu wanataka hela zao, hela ziko loji, loji inasema vocha, bosi akauza gari moja, mimi nikawa nalipwa nusu mshahara na nilishukuru. Nilipokuja kusoma kifungu cha 56 nikaona tulivyokuwa tunabishana gizani. Tendo likishindikana au likawa haramu kwa tukio ambalo hukuweza kulizuia, mkataba unakuwa batili, na kifungu cha 65 kinasema aliyenufaika arudishe. Safari za kati ya hizo tarehe mbili zilikuwa na hoja nzito ya hapo. Lakini mgeni wa Septemba aliyekansel mwezi wa nne kwa hofu? Anga la Tanzania lilikuwa limeshafunguka kabla ya safari yake, kwa hiyo mara nyingi unarudi kwenye masharti ya kukansel, isipokuwa kama serikali yao imewazuia kutoka, na hapo mabishano yanaanza upya. Linganisheni na Krell dhidi ya Henry ya 1903, mtu kakodi chumba London kwa pauni 75 aangalie msafara wa kutawazwa mfalme, mfalme akaugua, msafara ukaahirishwa, mahakama ikasema pauni 50 zilizobaki halipi. Zile 25 alizotanguliza zikabaki kwa mwenye chumba. Kwa hiyo kwenye mikataba yetu ya sasa kifungu cha majanga kinataja magonjwa ya mlipuko kwa jina, kinasema dipoziti inasogezwa au inarudi, baada ya kukata kitu gani, na ndani ya siku ngapi.

Mtihani wa mwisho ulikuwa stori tena, mara hii ya shule ya sekondari iliyobuk safari ya Ruaha, aliyesaini ni kiranja mkuu mwenye miaka 17. Niliona watu wanatabasamu. Kifungu cha 11, chini ya miaka 18 hana uwezo wa kufunga mkataba, hasara inakaa kwa kampuni iliyokubali saini ya mtoto, ilitakiwa uongozi wa shule usaini. Namna ya kujibu iliyonisaidia ni kuanza na ugomvi ni upi, kifungu kipi, kinataka nini, kwenye stori hii kipo au hakipo, halafu mshauri mtu kwa lugha ambayo angeielewa akiwa amekaa mbele yako, anataka kujua atalipwa au atalipa. Vifungu vitatu vilivyotumika vizuri vinazidi kumi na tano vilivyotajwa.

Mawili ya mwisho ambayo darasani yalipita haraka. Mikataba ya maandishi ina ushuru wa stempu, ulipwe ndani ya siku 30 tangu kusaini, usiolipiwa mahakama haiupokei kama ushahidi mpaka ulipiwe pamoja na adhabu, na wengi wanakuja kujua siku wakili wa upande wa pili anasimama kupinga. La pili, tangu Machi 2025 kuna kanuni za serikali zinazozuia bei za ndani kutajwa na kulipwa kwa dola, kwa hiyo mikataba yetu ya zamani na loji na wenye magari tumelazimika kuipitia mmoja mmoja kuweka shilingi, na kila mmoja ukifunguliwa basi na mengine yanafunguka.

Wa yule mzee wa Ipogolo tumeuandika kwa Kiswahili, kurasa mbili, ekseli imo, gari mbadala ndani ya saa sita imo, bima imo. Alisoma yote akiwa na miwani ya mjukuu wake, akaomba kalamu, akafuta kifungu cha pancha. "Binti, barabara ni ya wageni wako, tairi nalo ni la wageni wako." Ekseli kakubali. Pancha bado tunabishana.